Shangazi, Julai hii imeninyang'anya kicheko

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa saluni. Mteja wangu wa saa nne hajafika na sidhani atakuja, maana nani anataka kuoshwa nywele asubuhi ya baridi namna hii? Nina miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili, na tunakaa Zimmerman hapa Nairobi, ghorofa ya tatu. Mume wangu ni mlinzi na mwezi huu wote yuko zamu ya usiku.

Mimi ni mtu wa kucheka, Shangazi. Kuna wateja wanaotoka Kasarani, wakapita saluni tano njiani, ili waje wakae kwenye kiti changu, na wenyewe husema hawafuati kusukwa bali hadithi. Lakini tangu mwezi huu uanze, visa vinafuatana kama siafu, na naona kicheko kinaniisha kama tokeni za stima.

Ilianza na mahamri. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Kilifi mwishoni mwa Juni, na ni mtu mwenye mikono mizuri jikoni. Usiku wake wa pili akakanda unga kwa tui na iliki, akaufunika, akaahidi kwamba asubuhi watoto watakula mpaka washike matumbo. Kulipokucha unga ulikuwa vilevile, umelala chini ya sufuria. Akaukaanga hivyohivyo, mahamri yakatoka magumu hata chai haikuyalainisha. Mama alinyamaza siku nzima. Kesho yake akatoa chupa ya mafuta ya nazi aliyokuja nayo, akakuta yameganda, meupe kama mshumaa. Hapo ndipo alipotamka neno ambalo limenikaa kichwani mpaka leo: "Mwanangu, nyumba hii ina mkosi."

Nilicheka, nikamwambia ni baridi tu. Lakini wiki iliyofuata! Jumatatu shawa ya umeme iliungua nikiwa na povu kichwani. Jumanne sare za binti yangu zilikuwa na siku ya tatu kwenye kamba na bado mbichi, nikaamua kuikausha sweta kwa pasi. Mdogo wake akaniita, nikageuka mara moja tu, sweta ikayeyuka mgongoni, alama ya pasi imetoka na ncha yake. Jumatano soli ya kiatu changu ilifungua mdomo kama mamba nikikimbilia steji ya Roysambu, kwenye manyunyu na matope. Alhamisi simu ikatumbukia kwenye beseni la nguo. Ijumaa tuliamka wote vichwa vinagonga, na mdogo akatapika uji juu ya ile sare moja iliyokuwa imekauka. Jumamosi vichwa tena. Mama mkwe naye anasema anaona kizunguzungu akisimama. Mume wangu peke yake ndiye mzima, akirudi asubuhi anatukuta tumenuna na anashangaa. Nashukuru mimi nikishafika saluni kichwa hupoa.

Usidhani tumekaa tu. Nimeziba matundu ya hewa juu ya madirisha kwa matambara. Na kwa ajili ya mama, ambaye anatetemeka hata akiwa na blanketi mbili, tulinunua jiko la makaa. Tunaliwasha nje kwenye veranda mpaka moshi uishe wote, ndipo tunaliingiza sebuleni likae usiku kucha, na nguo tunazitandaza juu ya viti zikauke.

Sasa mama anataka tufukize ubani nyumba nzima tutoe huo mkosi. Mume wangu anasema mama asipingwe. Mimi sitaki ugomvi, lakini pia sitaki kuamka kila siku nikisubiri kisa kingine. Jana mteja aliniuliza kama nimemeza ulimi, machozi yakanitoka palepale, ikabidi nisingizie dawa ya nywele. Nataka kuwa yule mtu niliyekuwa, angalau mpaka jua lirudi. Nifanyeje?

Mwenye Kicheko Kilichoisha,
Zimmerman

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nilianza kuisoma nikitabasamu, maana hiyo soli ya mamba nimeiona kabisa. Nilipofika Ijumaa nikaacha kutabasamu, nikarudi juu, nikaisoma upya nikiwa nimesimama. Kwa hiyo kicheko kisubiri kidogo. Kama simu yako bado imekufa, azima ya mwenzako hapo saluni, umpigie mama mkwe sasa hivi. Mwambie afungue madirisha yote na mlango, na kama kuna makaa yenye moto ndani ayatoe nje. Kisha rudi tuendelee.

Umeniandikia visa vya wiki nzima ukavipanga mstari mmoja, na katikati yake umeweka vichwa kugonga, mtoto kutapika na mama kuona kizunguzungu, kana kwamba navyo ni ndugu wa kiatu na simu. Hebu vitazame peke yake. Nyote mliolala ndani mmeumwa kichwa. Mume wako, ambaye hakulala ndani, ni mzima. Wewe ukitoka ukakaa saluni unapoa, ukirudi ukalala unaumwa tena. Mwanangu, hiyo ni hewa ya jiko.

Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haikohozeshi mtu, ndiyo maana inawapata hata watu waangalifu kama ninyi. Mlifanya vizuri kungoja moshi uishe, na karibu kila mtu jijini hufanya hivyo akiamini hatari imeondoka na moshi. Haiondoki. Makaa mekundu yaliyotulia, yasiyo na moshi hata kidogo, yanaendelea kuitoa hewa hiyo mpaka yawe majivu. Ukiivuta inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kwanza kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Aliye macho anaweza kutoka nje. Aliyelala huzidi kulala tu. Niliishi Kariobangi miaka mingi, na asubuhi moja ya Julai kama hii nilisimama kwenye korido na majirani huku mlango wa nyumba ya pili ukivunjwa. Sitakueleza tulichokikuta. Nakwambia tu kwamba jiko lilikuwa katikati ya chumba, limepoa, na chini ya mlango walikuwa wameziba kwa shuka ili baridi isiingie.

Kwa hiyo leo jiko hilo lilale veranda, na kesho pia, na Julai yote. Matambara uliyoziba nayo matundu yatoe yote. Fundi aliyeacha matundu hayo pale juu aliyaacha kwa ajili ya pumzi zenu. Halafu mpeleke mtoto na mama kwenye kituo cha afya, nawe upimwe, na neno la kwanza mtakalomwambia daktari liwe kwamba mmekuwa mkilala na jiko la makaa ndani. Msipolisema, maumivu haya yanafanana sana na malaria au homa ya kawaida, na mnaweza kurudi nyumbani na vidonge vya kitu kingine. Na ikitokea siku yoyote mtu ameamka amelegea au haamki vizuri, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali bila kungoja chai.

Najua utaniuliza, sasa mama atapata wapi joto? Nunua chupa ya mpira ya maji moto, ile ya kulala nayo. Maji yakichemka yaache yatulie kidogo, jaza chupa isifike juu, funga vizuri, izungushie leso isimchome, umwekee miguuni dakika chache kabla hajapanda kitandani. Soksi za sufu na kofia utapata soko la Gikomba kwa bei ya kuongea. Mtandikie blanketi moja chini yake, si zote juu, maana godoro nalo hunyonya joto la mwili. Na mchana mtoe nje. Mtu mzima akikaa ndani ya nyumba ya mawe kutwa nzima, mikono kwapani, hawezi kupata joto hata umpe blanketi kumi.

Sasa huo mkosi. Mama yako mkwe si mjinga, na nakuomba usimchukulie hivyo. Amekanda mahamri maisha yake yote kwa mkono uleule na kipimo kilekile, hayajawahi kumkataa, halafu anapanda basi hadi bara na usiku mmoja yanamkataa. Mafuta yake ya nazi, ambayo kwao hutiririka mchana kutwa, yanageuka jiwe. Mtu ambaye vitu vyake vyote anavyovijua vimeacha kumtii lazima atafute jina la kuliita jambo hilo, na jina alilokuwa nalo ni mkosi.

Mpe jina jingine, tena analolijua kuliko wewe na mimi: kusi. Muulize upepo wa kusi unavyokuwa kwao miezi hii, bahari inavyochafuka na wavuvi wa vyombo vidogo wanavyobaki pwani. Ndio upepo huohuo. Unatoka baharini na unyevu wake, unapanda mpaka huku juu, unapoa, na ule unyevu unakuwa hili wingu la kijivu linalolala juu ya Nairobi siku nne, tano, bila jua kupenya. Huku tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka kama nyuzi 6. Kwao Julai mchana hufika nyuzi 27 hivi. Hapa mwezi huo ndio wa baridi kuliko yote, mchana huishia 21 au 22 na usiku hushuka hadi 12, mara nyingine chini zaidi.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Basi hata mchana wa Zimmerman hauyatoshi. Hayajaharibika, aisimamishe chupa kwenye bakuli la maji ya moto, na mbele ya macho yake yatarudi kuwa maji. Fanyeni hivyo pamoja. Hamira nayo ni kitu chenye uhai, na kwenye baridi hufanya kazi polepole sana. Usiku mmoja wa Kilifi unaweza kuwa sawa na usiku na nusu ya mchana huku. Tui liwe vuguvugu, la kuvumilika kwa kidole, maana likiwa la moto hamira hufa. Unga ukishakandwa, sufuria ifunikwe, izungushiwe blanketi, au iwekwe ndani ya kile kikapu chenye mito ambacho watu huivishia githeri na wali. Uumuke mchana akiwa anautazama, mahamri yawe ya jioni. Mimi hufanya hivyo Julai zote na hayajawahi kuniangusha.

Nguo zenu hazikauki kwa sababu hewa imejaa unyevu, na mkizitandaza sebuleni mmefunga kila kitu, unyevu huo mnalala nao. Nguo hukaushwa na upepo kuliko moto. Ikamue sweta, ikunje ndani ya taulo kavu, ikanyage kwa miguu, kisha itundike karibu na dirisha lililo wazi. Ile iliyoyeyuka ishonee kiraka cha sweta kuukuu ya rangi ileile. Shawa mara nyingi huungua maji yanapotoka hafifu, jambo ambalo wenye mgao wa maji tunalijua. Akija fundi wa stima, aiangalie na waya wa ardhi. Kiatu na simu sina la kusema. Kiatu kimechakaa, na simu iliteleza.

Kuhusu maneno ya kumwambia mama, habari ya jiko aitoe mwanawe. Wewe ukiitoa, hata kwa ulimi wa asali, itasikika kama mkamwana anayemnyima mkwe wake moto. Mume wako akitoka kazini asubuhi akae naye, asimweleze kwa kupita mlangoni. Aseme, "Mama, tulipokuletea jiko tulikuwa tunakutafutia joto, kumbe tulikuwa tunakuwekea hatari. Kosa ni letu." Ni kweli kwamba jiko ni wazo lenu, na mama akisikia hivyo hana cha kutetea.

Ubani mwacheni afukize. Madirisha yakiwa wazi, mlango wazi, asubuhi, chetezo kikitolewa nje akimaliza, hakuna atakayeumia, naye atapata harufu ya kwao na nafasi ya kuiombea nyumba yenu dua. Simama naye wakati anafukiza. Huna haja ya kuliamini neno mkosi ili uitikie amina kwa mama anayewatakia heri.

Nimekiacha kicheko mwisho, na nina maneno machache juu yake kuliko ulivyotarajia, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya kilichokinyamazisha ni ile sumu. Kichwa kinachogonga kila asubuhi hakitungi hadithi. Nyumba yenu ilale usiku tatu, nne wa hewa safi, kisha ujisikilize.

Lakini liko jambo moja katika barua yako lililonigusa. Mteja aliona umenyamaza, akauliza, nawe ukasingizia dawa ya nywele. Kwa nini, mwanangu? Hao watu wanapita saluni tano kukufuata. Umewachekesha kwenye misiba yao, talaka zao, karo zao. Siku moja tu ulipokuwa na lako, ukawafungia mlango, kwa hofu kwamba hawakupendi wewe bali kicheko. Kesho akikaa kwenye kiti mwambie kilichokupata, tangu mahamri. Mwambie na alama ya pasi yenye ncha. Nadhani hutafika Jumatano kabla mmoja wenu hajaangua kicheko, na hutakuwa umekilazimisha. Na usipocheka pia ni sawa. Atakuwa amejua, nawe utakuwa hujalibeba peke yako siku nzima na mikono ikiwa kwenye nywele za mtu.

Fanya hivyo na nyumbani. Chakula cha jioni, kila mmoja aseme kisa chake cha siku, mtoto aanze. Sisi tulikuwa tukifanya hivyo Kariobangi, mwenye kisa kikubwa anapewa ukoko wa wali, na nakumbuka watoto wangu wakirudi mbio kutoka shule na kisa mdomoni, wakiogopa kukisahau. Mama mkwe akizungumza mpeni muda. Ana huzuni ya kuwa mbali na kwao ambayo hajaitamka, na naona ndiyo inayomtetemesha nusu ya hiyo baridi.

Mchana ukipata dakika ishirini, toka nje utembee hadi barabarani, hata kama jua limefichwa. Mwanga wa nje chini ya wingu bado ni mkubwa mara nyingi kuliko wa ndani ya saluni, na mwili unaujua. Ukiona wiki mbili zimepita, nyumba ina hewa safi, na bado machozi yako karibu, usingizi hauji, chakula hakina ladha, mwambie daktari na hilo kama ulivyoniambia mimi. Kuelekea mwisho wa Agosti mawingu haya huanza kuachia.

Gazeti la kujibu barua lina ukomo wake, na jibu la daktari siwezi kulisubiri kwenye safu. Niandikie kabla ya Ijumaa, mstari mmoja unatosha, uniambie mtoto ameamkaje na jiko liko wapi.

Shangazi yako